Aliyeonekana Mara Moja

Mwezi wa Phalgun, haradali ikiwa imeshavunwa na mashamba yamebaki na mashina makavu tu, Ghanashyam alikuja kutoka Patna na mkewe Ranjana, mkoba wa ofisini begani na jambo moja la kusema. Kaka yake Lambodar alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili tangu aondoke nyumbani, na katika miaka hiyo hakuna aliyemtia machoni. Barua zilikuja mbili mwaka wa kwanza, zote kutoka Ludhiana alikokwenda kufanya kazi katika kiwanda cha sweta. Baada ya hapo, kimya. Watu wa kijijini waliokuwa naye huko walirudi na kusema alihama, hawajui wapi.

Desturi ilikuwa wazi. Mtu asiyeonekana miaka kumi na miwili hutengenezewa mwili wa nyasi, akachomwa, akaombolezwa, na mkewe akawa mjane. Bila hivyo nyumba nzima inakaa katikati, si ya msiba wala si ya heri.

"Baba, wakwe wa Munni wameuliza," Ghanashyam alisema, hata kabla ya kunywa chai; Munni, mdogo wao wa mwisho, alikuwa akiishi naye Patna. "Wanataka kuchapa kadi za arusi. Wanauliza huyo kaka mkubwa wamwandike yuko hai au marehemu? Nikajikuta sina jibu. Nimekaa pale kama mjinga."

"Hapo hukusema uongo," alijibu baba yake, Pandit Gunakar.

Mzee alikuwa ameketi barazani juu ya kitanda cha kamba, anatafuna tambuu kwa fizi. Kwa miaka arobaini alifundisha elimu ya mantiki katika chuo cha Sanskrit, ile elimu ya babu zao wa Mithila inayouliza jambo moja tu na kulizungusha pande zote: unajuaje? Sasa mboni zake zilikuwa zimeingia utando mweupe. Mwanga aliuona, watu aliwajua kwa sauti na kwa mwendo. Kufanyiwa upasuaji alikataa. Alisema ameshaona vya kutosha, vilivyobaki atasimuliwa.

Indukala, mke wa Lambodar, alikuwa jikoni nyuma ya mlango anakwangua magamba ya samaki. Kila neno alilisikia. Lilimhusu yeye kuliko mtu yeyote pale uani, naye alilisikia kama mtu anavyosikia bei za sokoni za kitu asichokusudia kununua.

Kesho yake asubuhi Ghanashyam alimleta kuhani, Bauku Jha, mtu mnene mwenye haraka. Wakaketi mbele ya mzee, na majirani wawili watatu wakasogea kusikiliza, kwa sababu Pandit Gunakar akibishana palikuwa na raha.

"Heshima yako, Pandit," Bauku alianza. "Vitabu vinasema miaka kumi na miwili. Hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Hayupo! Hajaonekana."

"Nisikilize, Bauku. Ukiingia chumbani kwangu mchana kweupe, ukatazama kitandani usione tembo, utasema nini?"

"Nitasema hakuna tembo."

"Utakuwa umesema kweli, maana angekuwepo ungemwona. Sasa tazama kitanda hichohicho, usione kiroboto. Utasema hakuna kiroboto?"

Jirani mmoja alicheka. Bauku akajikuna shingo.

"Ukisema hakuna, njoo ulale hapo usiku mmoja," mzee aliendelea. "Kutoona ni ushahidi pale tu ambapo, kama kitu kingekuwepo, lazima ungekiona. Mwanangu nilimpa jina la mungu mwenye kichwa cha tembo, lakini katika nchi hii kubwa yeye ni kiroboto. Nyinyi mmemtafuta wapi? Mmetazama uani, mmetazama barabarani, mkarudi kula."

"Baba, mimi nilikwenda Ludhiana mara mbili!" Ghanashyam alipandisha sauti. "Nimezunguka kila kiwanda. Nimebandika picha yake kituo cha treni. Usiniambie nilikaa nakula!"

Mzee alitema tambuu kwenye kopo, akajifuta mdomo kwa pembe ya shuka.

"Kweli, ulikwenda. Nisamehe, mwanangu." Kisha akasema polepole, na uso wake aliugeuza kidogo, kuelekea mlango wa jikoni: "Basi tufanye hivi. Mimi hoja zangu ninazo za kutosha mpaka Munni azeeke nyumbani. Naziweka kando. Kama kuna mtu yeyote aliyemwona Lambodar baada ya kuondoka hapa, hata mara moja, hata kwa mbali, aseme. Mtu mmoja aliyeona anatosha, atashinda vitabu vyote vya Bauku. Kama hakuna aliyemwona, nitanyamaza, fanyeni mnavyotaka."

Indukala alikuwa ameshika samaki kwa mkono wa kushoto na kisu kwa wa kulia.

Alikuwa amemwona.

Ilikuwa miaka minane nyuma, katika stesheni ya Jasidih. Alikwenda na wanawake wa kijiji kuhiji Deoghar, na siku ya kurudi wenzake, Ranjana miongoni mwao, walimwachia mizigo wakaenda kununua bangili. Joto lilikuwa kali. Hapakuwa na mtu wa kumwonea haya, akaurudisha ushungi nyuma, akakaa juu ya furushi anajipepea. Hatua tano mbele yake palikuwa na bomba la maji, na mtu mmoja alikuwa anajaza chupa. Mabegani alibeba mtoto aliyemshika nywele kwa mikono miwili. Kando yake mwanamke alikuwa anamenya pera.

"Shika vizuri, utaanguka," yule mtu alimwambia mtoto, na Indukala akaijua sauti.

Akatazama mkono ulioshika chupa. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kifupi, kimekatika pingili ya juu. Kilikatwa na mashine ya majani ya ng'ombe, mwaka wa pili wa ndoa yao, na ni yeye aliyekifunga kitambaa.

Lambodar aliinua macho. Alimtazama kwa muda wote ambao chupa ilichukua kujaa. Kisha akatazama ubao wa saa za treni, juu ya kichwa cha Indukala, na namna alivyoutazama ule ubao haikuwa tofauti. Maji yakafurika, akafunga chupa, wakaondoka watu watatu.

Indukala hakusimama. Jambo ambalo hakuwahi kulijua, na alilizungusha kichwani mpaka likachakaa, ni kama mumewe alimjua au hakumjua. Waliishi pamoja miaka miwili na miezi saba. Mchana alikuwa chini ya ushungi mbele ya wakwe, na mumewe alikuja chumbani taa ikiwa imeshushwa, akatoka kabla ya alfajiri, kama desturi ilivyotaka. Huenda uso wake, wazi hivyo kwenye jua, Lambodar hakuwahi kuuona. Au aliuona, akauacha. Wenzake waliporudi na bangili zao walimkuta amekaa palepale kama furushi mojawapo. Ranjana akamwambia, "Dada, umekuwa mwekundu, jua limekupiga," naye akasema ndiyo, jua.

Tangu siku ile kuna kitu ndani yake kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Alipika, alifua, alimsomea mkwewe vitabu. Aliwahi kushika sufuria la moto akajua kwa harufu ya ngozi kuungua.

Sasa uani walikuwa wanangoja. Alisikia nzi kwenye utumbo wa samaki. Aliwaza: nikisema, watamtafuta, watampata, watamleta. Atasimama hapo uani na kila mtu atamwambia, mtazame mkeo. Naye atalazimika kunitazama.

Hakuamua kunyamaza. Alisubiri aone kama mdomo wake utafunguka, na alipokuwa bado anasubiri akasikia Bauku anasema, "Basi, Pandit. Hakuna," na mkwewe akijibu, "Basi."

Siku tatu baadaye walimtengeneza mtu wa nyasi. Bauku alifunga nyasi takatifu za kusha mafungu mafungu, akapanga majani ya mti juu yake kwa hesabu ya mifupa, nazi ikawa kichwa. Wanawake walitazama kutoka ukumbini. Kazi ilipokwisha, Pandit Gunakar aliomba apelekwe karibu. Alichuchumaa akampapasa mtu wa nyasi kuanzia miguuni, taratibu, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa. Alipofika mkono wa kushoto alisimama.

"Bauku, hapa kidole kidogo kipunguze."

"Pandit, hiyo si lazima, vitabu havisemi..."

"Punguza. Usinichomee mtoto wa mtu mwingine."

Bauku akakata ncha ya jani. Ghanashyam, aliyekuwa akikimbizana na kila kitu tangu asubuhi, kuni, samli, watu wa kubeba, aligeukia ukuta akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Ndipo Indukala alipotambua kwamba shemeji yake kweli alikuwa anafiwa. Hakuwa amelifikiria hilo. Alitaka kumwambia kitu, lakini wanaume walishainyanyua machela, na wakaipeleka kwenye mto Kamala, wakaichoma. Ilikuwa nyepesi mno, walisema, wabebaji walikuwa wanagongana.

Nyumbani wajane wawili wa jirani walimkalisha Indukala chini. Walimfuta ile rangi nyekundu ya wake za watu kwenye mstari wa nywele, wakavunja bangili zake kwa kipande cha tofali, moja baada ya nyingine.

"Lia, mwanangu," mmoja alimwambia. "Ni vibaya usipolia. Watu wanatazama."

"Nitalia, shangazi."

"Lia sasa basi."

Hakulia. Yule mama mwishowe alimfunika kichwa kwa sari nyeupe ili asionekane, akalia kwa niaba yake.

Karamu ya siku ya kumi na tatu ilifanyika, watu wakala wali na maziwa mgando, kadi za Munni zikachapwa. Ghanashyam na Ranjana walirudi Patna. Wakabaki mkwe na mkaza mwana.

Alasiri moja Indukala alikuwa anasoma, kama kila siku. Sanskrit alijua kuisoma tu, mzee ndiye aliyejua maana, ingawa kwa miaka mingi baadhi ya maana ilikuwa imemwingia bila kubisha hodi. Alipofika katikati ya ukurasa mzee aliinua mkono.

"Ulipokwenda Deoghar, mwaka ule. Kulikuwa na joto?"

Indukala alifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Kulikuwa na joto, Baba."

"Kabla ya safari ile, kengele ya baiskeli ya tarishi ikilia, jikoni kitu kilikuwa kinaanguka. Kijiko, kifuniko, siku nyingine sufuria zima. Kila akipita. Nilikuwa namwambia marehemu mama mkwe wako, huyu binti atatumalizia vyombo. Ukaenda Deoghar, ukarudi. Tarishi akapita, na hakikuanguka kitu. Wala kesho yake. Miaka minane, mwanangu, hakijaanguka kitu."

Indukala hakukitoa kidole kitabuni.

"Nikajiuliza. Mtu anaacha kungoja kwa njia mbili. Amekata tamaa, au amepata jibu. Aliyekata tamaa hulia kidogo kidogo, usiku, mimi masikio ninayo. Wewe hukulia."

"Baba ulijua," Indukala alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ulijua, ukaacha wamchome."

"Sikujua. Nilikisia. Mtu anayeona moshi mlimani anasema kuna moto, sawa, lakini aliyesimama kando ya moto akinyamaza, wa mbali ana haki gani ya kupiga kelele? Niliuliza mbele ya watu wote. Nilikuwa nasema na wewe peke yako, uani pale hakukuwa na mwingine wa kuulizwa." Alipapasa kijaluba cha tambuu, hakukifungua. "Alikuwa hai?"

"Siku ile alikuwa hai."

"Amekonda?"

"Hapana. Amenenepa kidogo."

"Peke yake?"

"Na mwanamke. Na mtoto mabegani, amemshika nywele."

Uso wa mzee ulifanya jambo ambalo Indukala hakuwahi kuliona, ulifunguka na kuumia kwa pamoja. "Mtoto. Wa kiume au wa kike?"

"Sikuona, Baba. Alikuwa amevaa kofia."

"Ana umri gani sasa? Miaka kumi?"

"Kama kumi, kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja," mzee alirudia. Kisha akauliza, kwa hadhari, kama mtu anayekanyaga mahali penye giza, "Na yeye? Alikuona?"

"Aliniangalia."

Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliyewahi kubishana na daktari siku ya kufa mkewe kama pumzi imetoka au bado, alifungua mdomo akaufunga. Akanyoosha mkono hewani. Ukapotea njia, ukagusa kitabu, ukapanda, ukafika kichwani kwa Indukala, juu ya ile nguo nyeupe. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Aliuacha mkono pale.

"Kosa ni langu pia," alisema baadaye. "Nyumba hii ilikuficha sana."

"Nimwambie Ghanashyam?"

"Unataka?"

"Sijui ninachotaka, Baba. Nikitafuta ndani sikuti kitu."

"Basi usiseme leo. Ukitaka kusema kesho, sema, nitakuwa upande wako. Usiposema kabisa, vilevile."

Hakusema. Arusi ya Munni ilipita bila yeye kusogea karibu na bibi arusi, kwa kuwa mjane hagusi vitu vya heri, na hilo pia hakulisikia kuuma. Kila mwaka siku ya kuwapa marehemu chakula na maji, Pandit Gunakar aliketi na Bauku, na zamu ya Lambodar ilipofika mzee alimung'unya sauti isiyokuwa jina la mtu yeyote. Bauku alidhani uzee umemla akili, akawa analitaja yeye jina kwa sauti, kwa huruma. Mzee alikuwa anakohoa ili kulifunika jina hilo.

Alifariki majira ya baridi ya tatu, mchana, tambuu ikiwa shavuni. Siku chache kabla alimwita Indukala akamtaka aondoe ushungi, na alisogeza uso wake karibu kabisa, utando ule mweupe ukitafuta. "Sioni kitu," alisema kwa hasira. "Ningekubali ule upasuaji, mpumbavu mimi."

Ghanashyam alimtaka shemeji yake akae naye Patna. Indukala alikataa. Kwa msaada wa mwanafunzi mmoja wa zamani wa mzee alipata kazi ya kupika katika bweni la shule ya wasichana kule Jhanjharpur, wasichana themanini, mara tatu kwa siku. Walikuwa wapishi wawili. Mwenzake aliitwa Sanjha Devi, mjane wa mwendesha riksho, mwanamke wa maneno mengi aliyeona kila kitu na hakubakiza hata kimoja moyoni. Wiki ya kwanza alimwambia Indukala kwamba anatembea kama anayehofia kuiamsha sakafu. Wiki ya pili alimwambia anakata vitunguu kama Mbrahmini.

"Mimi ni Mbrahmini."

"Ndio maana. Kata kama mtu mwenye njaa."

Siku moja ya joto, wamemaliza chakula cha mchana, waliketi mlango wa nyuma wanachambua choroko. Indukala alikuwa amefunga nywele juu na kuiacha sari ianguke mabegani. Sanjha akamtazama kutoka upande, akaacha kuchambua.

"We Indu, una baka jeusi hapo nyuma ya sikio. Kama punje ya haradali."

"Sina."

"Unalo."

"Nina miaka arobaini na mbili, ningekuwa nalo ningejua."

"Ungejuaje na liko kisogoni? Una macho kisogoni wewe? Mama yako hakukwambia? Mumeo je?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi walikuwa wamelala wote. Kubwa hivi!" Sanjha alinyoosha kidole chenye vumbi la choroko akambonyeza. "Hapa."

Indukala alipeleka mkono palipobonyezwa. Hakuhisi chochote zaidi ya ngozi. Alipapasa tena, juu kidogo, chini kidogo.

"Lipo kweli?"

"Lipo, nimeshakwambia," alisema Sanjha, na akarudi kwenye ungo. "Sogea huko, unanizibia mwanga."